Jinsi ya kufundisha biashara kwa mchezo wa oda

Katika michezo inayoiga biashara, ule ambao ningemshauri mkufunzi yeyote aanze nao hauhitaji kompyuta. Ulibuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na hujulikana kama mchezo wa bia, ingawa hapa tutatumia soda, kwa kuwa hesabu haibadiliki hata chembe. Unafundisha jinsi mzigo unavyotoka kiwandani hadi dukani, na jinsi watu makini wanavyovuruga safari hiyo kwa oda zao wenyewe.

Panga meza nne mfululizo: duka la rejareja, duka la jumla, msambazaji na kiwanda. Kila meza iwe na watu wawili, mmoja wa kuamua oda na mwingine wa kuandika hesabu, na stoo yake ianze na kreti 12, ambazo zinaweza kuwa punje za maharage au visoda. Oda ikae njiani wiki mbili na mzigo wiki mbili (wiki moja ni mzunguko mmoja wa mchezo), kwa hiyo chora visanduku kati ya meza na ujaze oda na mizigo ya kreti 4 kabla ya kuanza. Kiwanda hakina wa kumwagiza. Chenyewe huamua kizalishe kiasi gani.

Kila wiki wachezaji hupokea mzigo, husoma oda, hutoa kreti wanazodaiwa, huandika salio, kisha huagiza. Kreti inayolala stoo hugharimu shilingi 500 kwa wiki. Inayodaiwa na mteja hugharimu 1,000. Viwango unaweza kuvibadilisha, lakini uwiano huo wa moja kwa mbili uuache ulivyo. Hesabu gharama ya mnyororo mzima, si ya meza moja moja.

Mteja wa rejareja ni wewe mkufunzi, mwenye rundo la kadi zilizofunikwa: kreti 4 kwa wiki nne za mwanzo, kisha 8 kuanzia wiki ya tano hadi mwisho. Kadi hizo zionwe na meza ya rejareja peke yake, na meza zisisemezane kabisa. Tangaza kwamba mtacheza wiki 50, lakini simamisha katika ya 36, kwa sababu anayejua mwisho umekaribia huacha kuagiza.

Mara nyingi utaona stoo zikikauka, oda zikipanda kila zinaposogea kuelekea kiwandani, kisha mizigo yote ikifika kwa pamoja wakati hakuna tena anayeihitaji. Toleo la kompyuta huenda kasi zaidi, lakini mimi nataka mchezaji auone mtaji wake umelala mezani kama lundo la maharage.

Sehemu yenye faida kubwa ni mjadala, basi utengee angalau saa nzima. Kabla ya kufunua kadi, waombe wote isipokuwa wa rejareja wachore jinsi wanavyodhani mteja aliagiza. Wengi huchora vilima na mabonde, na wa kiwandani humlaumu mteja asiyetabirika. Kisha bandika oda za meza zote ukutani na uweke kadi zako pembeni. Mwaka 1989 John Sterman wa MIT alichapisha matokeo yaliyoonyesha gharama ya wastani ikiwa takribani mara 10 ya ile iliyowezekana, na sababu kubwa ni kwamba wachezaji walisahau mzigo waliokwisha kuuagiza ambao ulikuwa bado njiani.

Muda ukiruhusu, rudieni mchezo huku mauzo ya rejareja yakiandikwa ubaoni kila mtu ayaone, mkalinganishe gharama. Wenye maduka wafungue daftari zao na kuongeza safu mbili kando ya ile ya mali iliyopo: moja ya mzigo ulioagizwa ambao haujafika, nyingine ya unaodaiwa na wateja. Oda inayofuata waiandike wakiwa wamezisoma zote tatu.