Adabu ya getini: nilivyomfunza Tomi nyumbani

Ijumaa moja, mchana wa saa sita na nusu, jirani yangu, mzee wa makamo, alipita kwangu kuchukua kanzu niliyompunguzia mikono. Alikuwa keshatia udhu, anaelekea msikitini. Tomi, mbwa wangu, wakati huo alikuwa na miezi 5. Alimrukia kwa furaha, miguu miwili kifuani, ulimi mkononi. Mzee hakugomba. Alirudi kwake kubadili nguo, na swala ya Ijumaa ikampita.

Hapa Tanga Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mimi ni Mkristo, lakini nimekulia mtaa huu na hilo nalijua tangu utotoni. Kosa lilikuwa langu, si la mbwa. Tangu siku ile nikaanza kumfunza Tomi kwa dhati, na nawaandikia wenye mbwa nyumbani ambao geti lao halikauki wageni.

Kwanza maneno. Sisi tunaosema Kiswahili ndani ya nyumba tuna shida yetu hapa. "Kaa" tunamwambia mgeni, "njoo" tunawaita watoto, "acha" tunasema tangu asubuhi hadi usiku. Mbwa akisikia "kaa" mara arobaini kwa siku na hakuna hata moja inayomhusu, neno hilo linakuwa kwake kama sauti ya redio. Nikachagua maneno ambayo kwetu hayasemwi ovyo: "keti" ya kukaa kitako, "rejea" ya kumwita, na "mwiko" ya kuachana na kitu. Niliyaandika kwa chaki ya kushonea kwenye mlango wa jikoni, ili mume wangu, binti yangu na mama mkwe wote watumie hayo hayo. Mama mkwe ndiye aliyechelewa kuzoea, na kwa kweli wiki mbili za kwanza Tomi alimsikiliza kila mtu isipokuwa yeye. Mbwa hana namna ya kujua kwamba "keti", "kaa chini" na "tulia wewe" ni amri moja.

Pili malipo. Ninanunua robo kilo ya pupu (pafu) la ng'ombe buchani, nalichemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi hata kilichopikwa), nalikata vipande vidogo kama kunde, kisha navikausha kwenye kikaango. Kopo moja linatosha siku tatu nne. Ugali na dagaa wake wa jioni naupunguza kidogo siku hizo, na mafunzo nayafanya kabla hajala. Mbwa aliyeshiba hana haja na pupu lako.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu. Malipo lazima yafike papo hapo. Mbwa akiketi, wewe ukaanza kupekua mfuko, yeye akainuka kunusa mkono wako ndipo ukampa, basi umemlipa kwa kuinuka. Kesho utasema ni mkaidi, kumbe anafanya kile kile ulichomlipia. Mimi kwa kuwa mikono yangu mara nyingi ina kitambaa, nilitafuta sauti ya kushika nafasi: nagonga ulimi kwenye kaakaa, "ko!", makalio yake yanapogusa chini tu, halafu chakula kinafuata. Siku ya kwanza sikumfunza chochote ila sauti hiyo: "ko", kipande, "ko", kipande, mara kama ishirini. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula mwilini, aliona mbwa wake wakidondokwa mate kabla chakula chenyewe hakijafika. Nami jioni ile nikimgongea Tomi ulimi, masikio yalisimama na macho yakaja mkononi. Hapo nikajua ameelewa.

Kumketisha ni rahisi. Shika kipande mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, kati ya masikio. Kichwa kikifuata juu, makalio yanashuka yenyewe. "Ko", mpe. Usimkandamize mgongo. Usiseme neno bado. Akishafuata mkono mara kumi bila kukosea, ndipo utangulize "keti", kisha mkono. Baada ya siku chache neno litatosha. Dakika tano alfajiri, dakika tano jua likipungua. Joto la mchana wa pwani linamchosha mbwa na hajifunzi kitu.

Kamba nayo. Kwetu katani haikosekani, na kila mtu hufungia mbwa kamba ya katani. Inachuna shingo ya mbwa na kiganja chako pia. Nilimshonea Tomi mshipi kwa mkanda wa begi kuukuu, ndani nikaweka vipande viwili vya jinzi, na nikaacha nafasi ya vidole viwili kati ya mshipi na shingo. Katani ninaitumia upande wa mti tu.

Geti ndilo lililonichukua muda, kama mwezi na nusu. Tomi alikuwa akisikia komeo anakimbia. Komeo kwake lilimaanisha mgeni, na mgeni alimaanisha kurukia na kupigiwa kelele. Kelele zile, na kumsukuma kifua, kwake ulikuwa mchezo. Kwa hiyo nilianza na komeo bila mgeni. Mimi mwenyewe nalichezesha, "keti", "ko", kipande. Komeo, keti, kipande. Wiki nzima hivyo, mpaka akawa akisikia komeo ananitazama mimi badala ya geti. Kisha binti yangu akawa mgeni: anatoka, anabisha hodi, anaingia, na Tomi amefungwa kwenye mwembe ili asiweze kumfikia. Miguu ya mbele ikinyanyuka, binti anageuka anatoka bila neno. Miguu minne ikibaki chini, anaingia hatua moja zaidi. Kipande nilikiweka ardhini, si mkononi, ili kichwa cha mbwa kielekee chini. Zoezi hilo tulilifanya mara sita saba kila jioni, halafu tukabadili wageni: mtoto wa jirani, muuza samaki na ndoo yake, shangazi mwenye mwavuli. Mwavuli ulituchelewesha siku tatu nzima.

Katika muda huo wote mgeni wa kweli akija, Tomi alikuwa amefungwa. Ukimwacha arukie hata mara moja kwa wiki, unajaza kwa kikombe na kumwaga kwa ndoo.

Kumwita kuna sharti moja, nami nililivunja. Alinichania kitenge cha mteja, nikamwita "rejea", akaja mkia unatikisika, nikampiga kwa kandambili. Karibu mwezi mzima hakunikaribia nilipomwita. Alijifunza kwamba kuja kwangu kunauma. Habari za kitenge hakuzipata kabisa. Nilimwomba radhi kwa pupu, nikaanza upya kutoka hatua tatu, kisha tano, kisha uani kote. Kama unataka kumfungia au kumwogesha, mfuate wewe alipo. Neno la kumwita lilinde kama pesa.

Vitenge navyo nilivipandisha kwenye rafu. Mtoto wa mbwa anabadili meno kati ya miezi 4 na 6 hivi, na ufizi unamwasha, lazima atafune. Watu husema mpe fundo la nguo kuukuu. Kwa nyumba ya fundi cherehani haifai, hatatofautisha fundo lake na sketi ya mteja. Mimi nilimpa karoti nzima, na mara moja moja mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko kinywa chake, nikiwa nimekaa karibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kamwe, inapasuka vipande vyenye ncha.

Huulizwa sana: ukimfunza hivi, atalinda kweli? Nimesikia watu wakisema mbwa alishwe pilipili au afungwe giza mchana kutwa ili awe mkali. Inaniumiza. Mbwa wa namna hiyo anang'ata mtoto wa nyumbani kabla hajamwona mwizi. Tomi usiku yuko huru uani, na mtu akigusa ukuta saa nane, mtaa mzima unajua. Akibweka natoka, naangalia, namwambia ahsante, na ananyamaza.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa isikose, ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Uliza kwa daktari wa mifugo wa kata yako. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mzee sasa huja kuchukua nguo zake kama zamani. Tomi huketi chini ya mwembe, hatua nne kutoka njia, mpaka geti lifungwe. Kazi iliyobaki ni bodaboda. Tumeanza mbali, mita hamsini kutoka barabarani, mahali anapoisikia pikipiki lakini bado anaweza kula. Siku akikataa kipande najua tumesogea mno, nami narudi nyuma hatua kumi. Jana tulifika kwenye nguzo ya pili ya umeme.