Namna ya Kukaa Vizuri katika Hoteli Ndogo ya Watu Wazima Kando ya Bahari

Hoteli ya aina hii huuza utulivu kabla ya kitu kingine chochote, na ni vyema mgeni ajue mapema namna ya kuupata na namna ya kutouvuruga.

Anza na suala la umri. Maneno "watu wazima pekee" hayana maana moja kila mahali, kwani zipo hoteli zinazopokea wageni kuanzia miaka 16, nyingine 18, na baadhi huweka sharti hilo katika sehemu moja tu ya jengo huku bwawa na ukumbi wa chakula vikitumiwa na familia zenye watoto. Uliza kwa maandishi. Uliza pia iwapo siku zako zitaangukia kwenye harusi, kwa kuwa mahali penye vyumba 20 sherehe moja hukesha na kila mtu.

Chumba ndicho kinachostahili maswali mengi zaidi. Kuna chumba kilichoelekea baharini, na kuna kile ambacho ili uione bahari sharti usimame pembeni mwa baraza na kunyoosha shingo. Vyote viwili vyaweza kutangazwa kwa maneno yaleyale. Ukilazimika kuchagua kati ya ukubwa na mahali, chagua mahali: chumba kidogo kilicho mbali na baa, jiko na mashine za bwawa kitakupa usingizi ambao chumba kikubwa kilicho juu ya baa hakiwezi kukupa. Hakikisha vilevile unajua ni milo ipi imo katika bei, na utarudishiwa kiasi gani ukighairi.

Kabla ya kuthibitisha tarehe, tazama jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku inayofuata. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ufuko ulio bapa huweza kukauka hadi mbali sana, ukajikuta unatembea juu ya mwani saa uliyokusudia kuogelea. Uliza kama kuna mwokoaji, maana hoteli ndogo nyingi hazina. Mkondo ukikuvuta kuelekea kilindini, usishindane nao; ogelea sambamba na ufuko hadi utoke ndani yake, kisha ndipo urudi nchi kavu.

Ukishafika, kumbuka kwamba kukosekana kwa watoto si ruhusa ya kelele. Kiti cha chuma kinachoburutwa juu ya vigae saa sita usiku humwamsha aliyelala chumba cha chini. Kiinue, kisha kiweke taratibu. Simu ipokelewe ndani, na usipige picha bwawani pale wageni wengine wanapoingia ndani ya fremu. Usiache mlango wa baraza wazi kiyoyozi kikiwaka, kwani unyevu wa bahari utalowesha sakafu na kuta.

Jiko dogo hununua kwa kiasi, hivyo chakula kinachokudhuru kitaje siku kadhaa kabla ya kuwasili. Hesabu zako za mwisho zilipe usiku wa kuamkia safari, ili asubuhi ibaki ya kuogelea.