Soma jina lote la kipuri kabla hujatoa pesa

"Kaka, hii itacheza?" Hilo ndilo swali ninaloletewa na kila mtu aliyesikia kwamba naunganisha kompyuta, na chini yake huwa kuna orodha kama hii: RX 580, RAM 16, SSD ya M.2, pawa saplai wati 600. Huwa sijibu. Namwambia aniandikie majina yote, mwanzo mpaka mwisho, kama yalivyochapwa kwenye lebo. Kwenye vipuri vya bei ya chini, kinachotenganisha kitu kizuri na kitu cha hovyo mara nyingi ni herufi mbili au namba moja mwishoni mwa jina, na muuzaji hana haraka ya kukutajia.

Ila kabla ya majina amua mambo mawili: utacheza nini, na kwenye skrini gani. Skrini ya 1920×1080 ina nukta kama milioni 2.07. Ya 2560×1440 ina milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza, na kadi ya michoro inazichora zote upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo. Kwa bajeti ndogo baki kwenye 1080p, ile ya 1920×1080, wala usione aibu. Kuhusu gemu zenyewe, Valorant na Counter-Strike 2 huelemea zaidi kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta, wakati Cyberpunk 2077 huibana kadi. Mchezaji wa Valorant anayemaliza pesa kwenye kadi na kubaki na prosesa chovu amenunua kadi ya kukaa bure. Na skrini ya hezi 60 itakuonyesha fremu 60 kwa sekunde hata kama kadi inatoa 200.

Kadi ndiyo inayokula fungu kubwa. Mimi huitengea asilimia 40 hadi 50 ya pesa za vipuri vinavyoingia ndani ya kasha, vingine vinagawana kinachobaki. Na hapa ndipo jina nusu linapoumiza kuliko kwingine kote. GT 1030 ziko mbili: yenye memori ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki hata 17. RX 580 halisi ina viini 2304, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa. Ipo nyingine inayoitwa RX 580 2048SP, ambayo kiutendaji ni RX 570 iliyovishwa jina la mkubwa wake. GTX 1060 ya gigabaiti 3 haikupunguziwa memori peke yake, ilipunguziwa na viini pia: 1152 badala ya 1280. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ina njia ya memori (barabara ya data) yenye upana wa biti 192, ile ya gigabaiti 8 ina biti 128, na kwenye gemu inaachwa nyuma. Muuzaji akikuambia "ni 3060 tu", mwombe picha ya lebo iliyo mgongoni mwa kadi.

RX 6500 XT ninaitaja peke yake kwa sababu bei yake huwavuta wengi. Ilitoka Januari 2022 ikiwa na gigabaiti 4 na njia nne tu za PCIe, yaani tundu ambalo kadi huchomekwa. Ukiichomeka kwenye madabodi (bodi kuu inayoshika vipuri vyote) ya PCIe 4.0 inajikongoja. Ukiichomeka kwenye ya PCIe 3.0, na mwenye bajeti ndogo mara nyingi ndiyo aliyonayo, kasi ya njia hukatika nusu, na memori ikijaa gemu inaanza kukwamakwama. Pia haina kisimbaji cha video, hivyo anayetaka kurekodi mchezo wake aisahau.

Ninachopendekeza mimi ni gigabaiti 8 za memori kama kiwango cha chini kabisa. RX 6600 inatosha 1080p bila kelele na inakula wati 132. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ni nzuri, hasa ukiipata mtumba. Intel nao wana Arc B580 ya gigabaiti 12, iliyotoka Desemba 2024, lakini hiyo inataka madabodi inayokubali Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja. Bila hiyo inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo usiiweke kwenye mashine ya zamani.

Mtumba siukatazi. Ethereum, sarafu ya mtandaoni, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni, na nyingine bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe imechoka. Kinachochakaa kwanza ni feni na pedi za kupozea, na hivyo vinabadilishika. Ninachokataa ni kadi ambayo muuzaji hataki niiwashe. Ikishawaka, fungua programu ya GPU-Z usome aina ya chipu, idadi ya viini na memori, ulinganishe na jina uliloambiwa. Zipo chipu za zamani zilizoandikwa upya BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kipuri) ili zijiite GTX 1050 Ti, na programu hiyo huzitambua nyingi na kuziandika kuwa ni za bandia. Ukiona tundu la buluu la VGA, la skrini za zamani, kwenye kadi inayojiita GTX 1050 Ti, shuku papo hapo. Kisha ipe gemu nzito kwa nusu saa, ukisikiliza feni na kutazama kama kuna madoa au mistari kwenye picha. Dakika mbili hazitoshi, kadi mbovu hujisaliti ikishapata joto.

Kwenye prosesa, kore sita (sehemu zinazofanya kazi sambamba) zinatosha, na kwa mwenye mkono mfupi hata Core i3-12100F yenye kore nne inacheza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Hiyo F mwishoni inamaanisha haina michoro ya ndani: kadi ikifa, skrini haiwaki. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600 ndiyo ninayoiweka mara nyingi. Usiichanganye na 5500, yenye kache ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 16 badala ya 32 na PCIe 3.0 badala ya 4.0, wala na 5600G, ambayo nayo ina kache ya 16. G inamfaa asiyeweza kununua kadi sasa hivi, acheze gemu nyepesi huku anadunduliza.

Soketi ya AM4, tundu la madabodi linalopokea hizi Ryzen, imekuwapo tangu 2016, kwa hiyo madabodi zake za mtumba ni nyingi. Shida ni BIOS. Madabodi ya B450 iliyokaa na BIOS yake ya mwanzo haiijui 5600, haitawaka mpaka isasishwe. Tafuta yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, au muuzaji akuwashie mbele yako. AM5 ni mpya zaidi na ina maisha marefu mbele, lakini inapokea RAM ya kizazi cha DDR5 peke yake, na bei za RAM zilipanda vibaya mwishoni mwa 2025. Kama tayari una DDR4 nyumbani, nakushauri ubaki AM4 au uende LGA1700, soketi ya Intel, ila kwa LGA1700 soma tena jina la madabodi: nyingine ni za DDR4, nyingine DDR5, na nafasi zake haziingiliani.

RAM iwe gigabaiti 16, vipande viwili vya 8. Kipande kimoja cha 16 kinaipa prosesa njia moja ya memori badala ya mbili, na michoro ya ndani ya prosesa kama 5600G ndiyo huumia zaidi. Kwa DDR4, kasi ya 3200 yenye CL16 (CL ni ucheleweshaji) inatosha. Usilipie taa za mapambo.

Sasa pawa saplai, na hapa sibembelezi mtu. Namba kubwa iliyobandikwa ubavuni haimaanishi kitu mpaka usome jedwali la lebo, safu ya volti 12, kwa sababu huko ndiko kadi na prosesa vinakochota umeme. Zidisha ampea kwa 12. Pawa saplai inayojiita wati 600 lakini ina ampea 25 kwenye volti 12 inatoa wati 300 pale zinapohitajika. Ryzen 5 5600 huishia kwenye wati 76 hivi, RX 6600 ni 132, ongeza 50 za madabodi, feni na diski: jumla haifiki 260. Kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inatosha na kubakiza, hakuna haja ya kukimbilia 750. Alama ya 80 Plus inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea njiani, haipimi ubora wa kapasita wala ulinzi wa ndani, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia hiyo peke yake. Kama nyaya zake zinachomoka, usitumie nyaya za pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na diski ndizo huungua kwanza.

SSD, yaani diski: M.2 ni umbo, si kasi. Ipo M.2 ya SATA inayoishia megabaiti kama 550 kwa sekunde na ipo ya NVMe inayofika 3500 kwenye PCIe 3.0. Gemu zitafunguka kwenye zote mbili bila tofauti ya kutisha, lakini usilipe bei ya NVMe ukapewa SATA. Anzia gigabaiti 500. Kasha lolote lenye wavu mbele na nafasi ya feni mbili linafaa. Pima tu urefu wa kadi yako kwanza.

Wapo watakaokuambia uchukue kompyuta ya ofisi iliyostaafu, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, uipachike kadi. Ni wazo zuri ukiijua mipaka yake: pawa saplai na madabodi zake mara nyingi si za vipimo vya kawaida, kasha jembamba linataka kadi fupi, na prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha 8 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta.

Ukishaunganisha, pachika RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, maana hapo ndipo madabodi nyingi zenye nafasi nne huzitaka. Ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa, la sivyo RAM yako ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400. Chomeka waya wa skrini kwenye kadi yenyewe, si kwenye madabodi. Nusu ya wanaonipigia kulalamika kwamba "kadi haifanyi kazi" wamechomeka nyuma ya madabodi. Halafu fungua mipangilio ya skrini ndani ya Windows uchague hezi 144 kama ndizo ulizolipia, kwa sababu mara nyingi huanza kwa 60.