Namna ya kuweka kanuni ya silaha mlangoni: mwongozo kwa wenye nyumba za wageni, mikahawa na baa za Lubumbashi

Usiku mmoja wa Jumamosi, katika nyumba ya wageni ninayoisimamia hapa komini ya Kampemba, mteja mmoja alichomoa bastola kiunoni, akaiweka mezani kati ya sahani ya michopo na chupa ya bia, kisha akaendelea kula kana kwamba ameweka simu. Hakumtisha mtu wala hakupandisha sauti. Hata hivyo, haikupita robo saa kabla ya meza tatu za jirani kuomba kulipa na kuondoka, na dada mmoja anayehudumia akakataa katakata kurudi upande ule. Nilipotaka kumwomba yule bwana aiondoe bastola yake, niliona sina pa kushika: hapakuwa na bango, hapakuwa na kanuni iliyoandikwa, na hapakuwa na mtu hata mmoja kati yetu aliyejua aseme nini. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyapanga baada ya usiku ule, nikisaidiwa kwa sehemu na mabishano ya Wamarekani, ambao wamegombania jambo hili kwa miaka mingi na kwa hiyo wamekwisha kufanya makosa ambayo sisi tunaweza kuyaepuka.

Ujue kwanza haki ni ya nani

Wengi hapa mjini huamini kwamba mtu mwenye kibali cha silaha ana ruhusa ya kuingia nayo popote. Sivyo. Nchini kwetu silaha zinaongozwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ambayo haimruhusu raia kushika silaha ya moto bila kibali. Kibali hicho kinamwondolea mtu kosa mbele ya serikali, lakini hakimfungulii mlango wa nyumba ya mwenzake. Katiba ya 2006 haina kifungu kinachompa raia haki ya kubeba silaha. Inacho, kwa upande mwingine, kifungu cha 34 kinachosema kwamba mali ya mtu binafsi ni takatifu.

Hata Marekani, ambako haki ya silaha imo katika katiba tangu 1791 kwa Rekebisho la Pili, rekebisho hilo linaifunga mikono serikali na si mwenye duka. Watetezi wa haki za silaha wanalijua hilo vizuri, na linawaweka katika njia panda, kwa sababu wengi wao ni watetezi wa mali binafsi vilevile: anayesema serikali isimwingilie katika bastola yake hupata shida kusema serikali imlazimishe mwenye mkahawa kuipokea bastola hiyo. Ugomvi wao wa kisheria kwa hiyo umehamia kwenye swali dogo lakini lenye uzito, nalo ni hili: mwenye biashara akikaa kimya, ukimya wake una maana gani? Katika majimbo mengi ukimya ni ruhusa, na asiyetaka silaha ndiye anayepaswa kusema. Hawaii iliugeuza utaratibu huo kwa sheria ya 2023, ikasema kwamba ukimya ni katazo na kwamba mwenye kubeba bastola ndiye anayepaswa kupata ruhusa kwanza. Watetezi wa silaha wakaipinga sheria hiyo mahakamani mpaka ngazi ya juu kabisa. Funzo langu kutoka huko ni jepesi: usiuache ukimya wako ufasiriwe na mtu mwingine. Andika.

Ombi au katazo

Kabla ya kununua rangi ya bango, amua kama unaomba au unakataza, maana hayo ni mambo mawili tofauti na mteja mwenye silaha huitambua tofauti hiyo haraka kuliko wewe. Kampuni ya kahawa ya Starbucks ilisema kwa miaka kadhaa kwamba inafuata tu sheria ya kila jimbo. Kwa sababu hiyo wapenda silaha wakaipenda, wakaanza kukutana katika mikahawa yake wakiwa na bunduki zinazoonekana, na wapinzani wao wakaanza kuisusia. Mnamo Septemba 2013 mkuu wake, Howard Schultz, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasilete silaha, lakini akakataa kuliita ombi hilo katazo, kwa sababu hakutaka wafanyakazi wake walazimike kumkabili mtu mwenye bunduki. Walmart, kampuni ya maduka makubwa, nayo iliomba mwezi Septemba 2019, mwezi mmoja baada ya mauaji katika duka lake la El Paso, kwamba wateja wasibebe silaha waziwazi. Haikuwagusa wale wenye kibali wanaozificha.

Kuna jambo jingine la kujifunza hapo. Mwaka 2014, baada ya wanaume waliobeba bunduki ndefu kuingia katika mikahawa ya Texas ili kuonyesha haki yao, chama kikubwa cha wenye silaha, NRA, kilitoa maandishi ya kuwalaumu kwamba mwenendo huo ni wa ajabu na unawatisha watu bure, kisha baada ya siku chache kikayakana maandishi yake chenyewe. Usidhani, basi, kwamba kila mwenye silaha ni adui wa kanuni yako. Wengi wao huona aibu kwa ajili ya yule mmoja anayejionyesha.

Maoni yangu ni kwamba penye pombe, ombi halitoshi. Duka la vifaa vya ujenzi linaweza kuomba, kwani mteja huingia, hununua misumari na kutoka. Lakini mahali watu wanapokaa saa nne wakinywa, ambapo mtu wa nne mezani humsema vibaya mtu wa kwanza kwa jambo la kandanda au la mwanamke, weka katazo lisilo na upenyo. Texas yenyewe, ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kuwa inachukia bastola, haikuwaachia wenye baa uamuzi huo: mahali panapopata asilimia 51 au zaidi ya mapato kutokana na pombe ya kunywewa papo hapo, bastola haziruhusiwi kwa sheria ya jimbo.

Bango

Hapa nawashauri muwaige Watexas bila haya. Sheria yao inataka bango la mwenye biashara liwe mlangoni mahali panapoonekana, liandikwe kwa lugha mbili, Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue kimo cha inchi moja, yaani takriban sentimita mbili na nusu, na rangi ya herufi ipingane na rangi ya nyuma yake. Sisi lugha zetu mbili ni Kiswahili na Kifaransa. Ongeza picha ya bastola iliyokatwa mstari mwekundu kwa ajili ya asiyesoma, na pia kwa ajili ya anayejifanya hasomi. Maneno yawe machache:

«SILAHA HAZIINGII HUMU, HATA KWA MWENYE KIBALI. ASIYEKUBALI HATAHUDUMIWA.»

Usiandike sababu, kwa kuwa sababu hualika mabishano. Bango la kwanza nililotundika lilikuwa na mistari tisa kuhusu usalama na amani ya wateja, na wengi walilipita kama wanavyolipita tangazo la mazishi ya mtu wasiyemjua. Liweke kwenye lango la nje, kabla ya mtu kuegesha gari, ili anayetaka kurudi arudi bila kuaibika mbele ya wenzake. Kisha liwekee taa ndogo ya jua, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku, bango la gizani ni sawa na kutokuwa na bango.

Maneno ya mlangoni

Mzigo wote wa kanuni hii humwangukia zamu, yule mlinzi wa lango, ambaye mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Si haki kumwachia atunge maneno yake mwenyewe mbele ya mtu mwenye bastola. Mpe sentensi tatu, azijue kwa moyo, na uzirudie pamoja naye mpaka zitoke bila kutetemeka: «Papa, karibu sana. Nyumba hii haipokei silaha ya mtu yeyote. Ukiirudisha nyumbani, meza yako tutakutunzia.» Akijibiwa «Unanijua mimi ni nani?», na atajibiwa hivyo, jibu lake liwe: «Nakuheshimu, shefu. Mimi ni mtumishi tu, kanuni ni ya patroni, nitamwita aje.» Hapo kazi ya zamu imekwisha na yako imeanza. Zamu asimguse mtu, asinyooshe mkono kiunoni mwa mtu, asizuie lango kwa mwili wake. Ukitaka kukagua mifuko, tangaza hivyo kwenye bango, na mwanamke akaguliwe na mwanamke.

Walinzi wa wakubwa

Nimebaki na fungu hili muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu hapa kwetu ndipo penye kazi. Mmarekani anapojadili jambo hili humwaza raia aliyenunua bastola yake dukani. Mimi, kwa miaka yote niliyosimamia nyumba ya wageni, raia wa namna hiyo nimewaona wachache. Mara nyingi aliyeingia na silaha ya moto alikuwa polisi au askari aliyemsindikiza mkubwa fulani, akiwa na bunduki ya Kalashnikov begani, na mkubwa huyo hapendi kuambiwa kwamba mlinzi wake abaki nje.

Kwanza tofautisha. Polisi aliyeitwa kwa fujo au aliyekuja na kazi rasmi anatekeleza sheria. Kanuni yako haimhusu, na kumzuia ni kujitafutia kesi. Aliyekuja kunywa bia akiwa na silaha ya kazi hayuko kazini, na kanuni inamhusu. Anayemsindikiza mkubwa yuko kati ya hao wawili, na kwake nakushauri utumie mpangilio badala ya mabishano. Tengeneza mahali pake: benchi chini ya mwembe karibu na maegesho, kivuli cha mchana, taa ya usiku, mahali ambapo anaiona meza ya bosi wake bila kukaa nayo. Mpelekee sahani ya bukari na maji kwa hesabu ya nyumba, na usimpelekee pombe hata bosi wake akiagiza. Tangu tulipoanza kufanya hivyo, ugomvi karibu wote ulikwisha, maana mlinzi mwenyewe, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kama amekula, ndiye anayemwambia bosi wake kwamba hapa nje panafaa.

Mkubwa anayeweka nafasi kwa simu aambiwe kanuni palepale kwenye simu, kwa adabu, kabla hajafika na wageni wake.

Silaha iende wapi?

Usiipokee. Nimeona mahali wanaoweka bastola za wateja kwenye droo ya kaunta wakidhani wanafanya wema. Ukishaishika silaha ya mtu, wewe usiye na kibali ndiye unayekutwa nayo, na ikipotea au ikilia mkononi mwa mhudumu wako, maelezo yatakuwa marefu. Kuiacha ndani ya gari si dawa pia, na hapa lazima niwape watetezi wa silaha wa Marekani haki yao: wao hulalamika kwamba kila bango la kukataza huzaa bastola iliyoachwa kwenye gari, na bastola iliyoachwa kwenye gari huibwa. Katika maegesho yetu, ambako vioo vya magari huvunjwa kwa ajili ya simu, sioni kwa nini ingekuwa salama zaidi. Kwa hiyo zamu aseme «nyumbani», asiseme «kwenye gari».

Hoja yao nyingine, kwamba bango humnyang'anya silaha mwema na halimzuii jambazi, ni ya kweli kwa nusu. Jambazi hasomi bango. Lakini mimi sikuliweka kwa ajili ya jambazi. Nililiweka kwa ajili ya mtu mwema aliyekunywa chupa ya sita.

Akikataa

Usishindane kwa nguvu. Simamisha huduma: meza isifutwe, chupa isifunguliwe, muziki uzimwe upande ule, na wewe mwenyewe, si mhudumu, umwambie mara moja kwa sauti ya kawaida, mbele ya shahidi, kwamba unamtaka atoke na silaha yake. Maneno hayo yana uzito kuliko bango. Huko Texas, aliyelipita bango tu hutozwa faini isiyozidi dola 200, lakini aliyeambiwa kwa mdomo atoke akakataa anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Hapa kwetu, kumwambia waziwazi ndiko kutakakokupa la kueleza polisi watakapofika, nao waitwe mapema, kabla sauti hazijapanda. Andika daftarini saa, namba ya gari na majina ya mashahidi.

Walinzi wako mwenyewe

Makampuni ya ulinzi binafsi nchini kwetu hayaruhusiwi kubeba silaha za moto. Anayetaka ulinzi wenye bunduki hupitia polisi wa taifa. Ukiwa nao kwa mapatano, andika katika mapatano hayo kwamba wanasimama langoni na kwamba hawaingii ukumbini isipokuwa wameitwa. Kanuni ambayo watu wako wanaivunja mbele ya wateja haitadumu hadi Jumapili.

Kagua bango kila juma. Langu lilikaa siku kumi likiwa halisomeki bila mimi kujua, kwa sababu zamu wetu, mvua zilipoanza, alikuwa akitundika koti lake kwenye msumari uleule. Nilimpigilia msumari wake, upande wa pili wa lango.