Namna ya kuchagua na kutazama anime tulivu za kuzaliwa upya bila kuziacha njiani

Aliyezoea anime, yaani katuni za Kijapani, za ninja na mapigano, akiwekewa moja ambayo sehemu nzima inaisha mhusika bado anachemsha magome ya mti, atauliza: sasa mbona hakuna kinachoendelea? Kinaendelea, ila ni kazi. Utamu wa aina hii uko kwenye kazi inayofanyika hatua kwa hatua, ikifanywa na mtu aliyepewa maisha ya pili na ambaye safari hii hakimbizwi na yeyote. Ukilishika hilo mapema, yanayobaki ni kuchagua vizuri, kupakua kwa akili na kutazama kwa mwendo unaofaa.

Unachotafuta

Nyingi ya hadithi hizi zilianza kama riwaya za mtandaoni, hasa kwenye tovuti ya Kijapani ya Shōsetsuka ni Narō, iliyoanza 2004, ambako yeyote anaandika na yeyote anasoma bure. Ndiyo maana mianzo yao inafanana: mtu mzima, mara nyingi mfanyakazi wa ofisini, anakufa kwa ajali, ugonjwa au kuchoshwa na kazi, kisha anaamka kwenye ulimwengu wa uchawi na majoka akiwa na kumbukumbu zake zote. Kifo chenyewe huchukua dakika chache na watazamaji wengi hukisogeza mbele. Usikiruke. Katika *I've Been Killing Slimes for 300 Years and Maxed Out My Level* (2021), Azusa anafariki kwa kufanya kazi kupita kiasi, na anapoulizwa anataka nini anaomba maisha marefu ya polepole. Ukiwa umeona alivyokufa, kila kikombe cha chai anachokunywa baadaye kina uzito. Mtu anayedamka alfajiri kuwahi mzigo wa dagaa Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hahitaji kufafanuliwa kwa nini ombi lile linagusa.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini. Kuzaliwa upya hapa ni mlango wa hadithi, na hakuna anayekutaka uamini. Wala si sawa na desturi yetu ya kumpa mjukuu jina la babu na kumwita babu: mtoto wa nyumbani habebi kumbukumbu za mzee. Mhusika wa anime anazibeba, na kumbukumbu hizo ndizo mtaji wake.

Kipimo cha sehemu tatu

Msimu mmoja kwa kawaida una sehemu 12 au 13, kila moja kama dakika 24. Misimu mipya huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Usihukumu kwa sehemu ya kwanza, maana hiyo hutumika kumuua mhusika na kumtambulisha upya. Tazama tatu, na ujiulize haya. Je, kuna kazi ambayo ungeweza kumsimulia mtu hatua zake? Je, tatizo linatatuliwa kwa kujaribu, kupatana bei au kuomba msaada, au ni kwa upanga tu? Je, unajua mhusika anakula nini, analala wapi na hela inatoka wapi? Ukikosa majibu mawili kati ya matatu, achana nayo, hata kama picha ni nzuri.

Jina la anime halisaidii sana. Kuna nyingi zenye neno "kuzaliwa upya" ambazo ni vita na mateso mwanzo mwisho. Ukienda kwenye duka la muvi ukasema tu "niwekee anime za ulimwengu mwingine", utajaziwa flashi ya za vita. Taja jina kamili, mwaka na msimu.

Pa kuanzia

Tunapendekeza *Ascendance of a Bookworm* (2019), na tunaipendekeza tukijua kwamba wengi huiacha sehemu ya pili. Urano, mpenda vitabu, anafunikwa na vitabu wakati wa tetemeko la ardhi na kuzaliwa upya ndani ya Myne, mtoto wa miaka mitano, mgonjwa, wa familia maskini, katika mji ambao vitabu ni vya matajiri tu. Mwanzoni analialia, anachukia uchafu na anajifikiria mwenyewe. Hilo ni la makusudi: hadithi inataka umwone akijifunza kuwapenda watu wa nyumba ile. Mvumilie.

Uhondo uko kwenye utengenezaji wa karatasi. Anaanza na nyuzi za nyasi, akikumbuka watu wa kale wa Misri walivyotumia mafunjo, mmea uleule unaoota kwenye kingo za Ziwa Victoria letu. Anashindwa: kuzisuka kwa ufinyu ule kunakula siku nyingi mno kwa kipande kidogo. Anahamia vibao vya udongo. Vinapasuka ndani ya jiko. Anakusanya vipande vya mbao aandike juu yake. Mama yake anavifanya kuni. Baadaye, akisaidiana na rafiki yake Lutz na kwa mtaji wa mfanyabiashara Benno, anafuata njia ya karatasi ya Kijapani: matawi yanapigwa mvuke ili gome libanduke, gome linachemshwa kwenye maji ya majivu, linapondwa mpaka linakuwa nyuzi laini, linachanganywa na utelezi wa mmea ili nyuzi zisizame na kujikusanya, kisha linachotwa kwa chekeche ya fremu, linakamuliwa na kuanikwa. Tazama kila anaposhindwa ni nini kilichokosekana. Mara nguvu za mwili, mara chombo, mara hela, mara mtu wa nyumbani hajaelezwa. Hakuna uchawi unaokuja kumwokoa, na hapo ndipo kuzaliwa upya kunapoonyesha thamani yake: anajua jibu tangu siku ya kwanza, ila mikono yake ni ya mtoto.

Ukitaka iliyo nyepesi zaidi, *By the Grace of the Gods* (2020) inamfuata Ryoma, mwanamume wa miaka 39 anayezaliwa upya akiwa mtoto wa miaka minane. Anafuga silaimu, vile viumbe vya utelezi, anavilisha vitu tofauti na kurekodi vinavyogeuka kuwa nini. Aina inayokula uchafu anaifungulia biashara ya kufua nguo. Hii inafaa kutazama na watoto ukiwasomea maandishi ya tafsiri.

*Farming Life in Another World* (2023) ina kilimo kizuri, lakini mwenye shamba anazungukwa na wanawake wanaotaka kuzaa naye. Si ya sebuleni mbele ya wakwe. Na *The Slime Diaries* (2021) ni tulivu kweli, ila imetokana na mfululizo mkuu, *That Time I Got Reincarnated as a Slime*, ulioanza 2018. Ukiirukia hiyo kwanza hutajua nani ni nani, na ukirudi kwenye mfululizo mkuu ujue utakutana na vita.

Kupakua na kutazama

Kwa ubora wa 480p, kadiria MB 180 kwa sehemu moja, yaani kama GB 2.2 kwa msimu wa sehemu 12. Skrini ya simu haihitaji zaidi. Pakua kwa bando la usiku, na utumie huduma yenye leseni inayoruhusu kutazama bila mtandao. Kabla ya kulipia, hakikisha anime unayoitaka imo kwenye orodha ya Tanzania, kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi.

Kosa la kawaida ni hili: mtu anapakua sehemu sita, anapanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, mtandao unakata katikati ya ziwa, na programu inakataa kuzicheza. Sababu ni kwamba kilichopakuliwa huwa na muda wa mwisho na programu huhitaji kuthibitisha akaunti. Fungua kila sehemu kwa sekunde chache ukiwa bado na mtandao, kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Hapo simu haihangaiki kutafuta minara na chaji inadumu, jambo la maana pia umeme ukikatika.

Sehemu mbili kwa usiku zinatosha. Ukimeza kumi mfululizo, kazi zinachanganyika kichwani na utaona kila kitu kinajirudia. Usiongeze kasi ya video: vile vituo vya kimya, mvua juu ya paa, chungu kinachochemka, vimewekwa ili upumue navyo, na maandishi ya tafsiri yatakukimbia. Hayo maandishi mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa hiyo anayeyasoma polepole asimamishe video bila aibu. Wimbo wa mwanzo na wa mwisho huchukua sekunde 90 kila mmoja. Unaweza kuruka wa mwanzo baada ya kuuzoea, lakini baada ya wa mwisho subiri, maana wakati mwingine kuna kipande kidogo cha ziada.

Muda mzuri ni baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, nyumba ikishatulia. Kwa wavuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi, taa zinaposhindwa kuwavuta dagaa na mitumbwi mingi inapumzika, zinatosha kumaliza msimu mzima. Ukiianza ya Myne, fuata mpangilio: msimu wa kwanza sehemu 14, wa pili 12 (2020), wa tatu 10 (2022). Ukiruka mmoja, utakuta familia iko mahali ambapo hutaelewa ilifikaje.