Kihisi mwendo kwa mzee anayeishi peke yake: anza na choo

Kama hutaki kumwekea mzee kamera (na wengi hawazitaki, kwa haki kabisa), vihisi mwendo vitatu, yaani vifaa vinavyotambua mtu anapopita, vinatosha: chumbani, koridoni na chooni. Mweleze kwanza, akubali.

Cha choo ndicho chenye habari. Aliyezoea kuamka mara moja usiku akienda mara nne kwa siku mbili mfululizo, apimwe mkojo na sukari. Uliza pia kama saa ya dawa ya kukojosha imebadilika.

Kifunge kwenye kona, mita 2 hadi 2.4 kutoka sakafuni, kikitazama njia kwa ubavu. Kinanasa joto linalokatiza mbele yake. Anayekijia moja kwa moja hunaswa kwa kuchelewa. Kisielekee jiko wala dirisha la jua. Paka yupo? Ziba sehemu ya chini ya lenzi kwa selotepu nyeusi.

Wiki 2 za kwanza kusanya tu, upate mazoea yake mwenyewe. Usiku aliolala mjukuu uuwekee alama, maana kihisi hakijui nani kapita.

Vihisi vingi vya betri hulala, yaani havinasi kitu, kama dakika moja baada ya kunasa, kwa hiyo usivitumie kupima kasi ya kutembea. Na betri ikiisha, kimya chake hufanana na cha mtu aliyeanguka: washa taarifa ya kila siku kwamba kifaa bado kiko hewani.