Mzee akichanganyikiwa ghafla, usiseme "ni ule ugonjwa wake"
Mnaouguza wazee wenye Alzheimer huku Dodoma, nawaomba mshike hili. Ugonjwa huu hula kumbukumbu polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekutambua juzi, leo akianza kuweweseka au kusinzia mchana kutwa, hiyo si Alzheimer peke yake. Mpelekeni hospitali upesi, apimwe mkojo na malaria. Mara nyingi huwa ni maambukizi, au maji yamepungua mwilini.

Na upepo huu mkavu wa Julai unamkausha mtu bila hata jasho kuonekana, naye kiu haikumbuki. Usimuulize kama anataka maji, atakataa. Mshikishe kikombe mkononi, kaa unywe naye. Uji mwepesi wa uwele nao unahesabika, hata juisi ya ubuyu.